Kompyuta ya nyumbani ikigoma kuwaka, usikubali 'ipigwe Windows' kabla ya kuuliza haya

Ni Jumapili, saa mbili usiku. Mama amemaliza kuosha vyombo, watoto wawili wadogo wamelala, na sasa anakaa mezani kumalizia ripoti ya utafiti wake wa shahada ya uuguzi. Anatakiwa kuiwasilisha chuoni Ijumaa. Anabonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta. Taa inawaka, feni inavuma, nembo inatokea kwenye kioo, kisha giza. Nembo inarudi, giza tena. Anajaribu mara tano, hali ni ileile.

Mtoto wake wa kidato cha pili, aliyekuwa akiitumia mchana, amesimama mlangoni.

"Mama, mimi sijafanya kitu," anasema kabla hajaulizwa.

Asubuhi kompyuta iko kwa fundi. Fundi anaitazama dakika mbili na kutoa jibu ambalo wengi wamewahi kulisikia: "Hii imeingia virusi, dada. Tunapiga Windows tu, jioni unaichukua." Mama anauliza bei, anakubali, anakimbilia kazini.

Jioni kompyuta inawaka vizuri, nyepesi kama mpya. Na kweli ni kama mpya kwa kila kitu. Ripoti haipo. Picha za watoto wakiwa wachanga hazipo. Picha za bibi yao aliyefariki mwaka juzi, ambazo zilikuwa humo tu, nazo hazipo.

Kisa hiki ni mfano, lakini si rahisi kumkosa mtu mtaani au ofisini aliyepitia kinachofanana nacho. Kinachouma zaidi ni kwamba katika matukio ya namna hii, mara nyingi si virusi vilivyofuta picha za bibi. Kilichozifuta ni tiba.

Kugoma si kufa

Watu husema kompyuta "imekufa" pale inapokataa kufika kwenye ukurasa wa kuingilia. Mara nyingi haijafa, na mzazi anayeelewa sababu yake ameshajikinga na nusu ya hasara.

Ndani ya diski ya kompyuta hukaa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mfumo endeshi, ambao kwa kompyuta nyingi za nyumbani ni Windows. Huo ndio unaoendesha kila kitu, na ukiharibika unaweza kuwekwa mwingine. Cha pili ni mafaili ya wenye nyumba: kazi za shule, hesabu za duka, barua za maombi ya kazi, picha za familia. Hayo hayauzwi popote.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu hukagua kumbukumbu, kibodi na diski. Kisha hutafuta maelekezo ya kuwashia yaliyohifadhiwa kwenye diski, na maelekezo hayo ndiyo huiita Windows iamke. Mnyororo huo ukikatika popote, kompyuta itaishia njiani.

Virusi na programu nyingine haribifu huweza kuukata mnyororo huo kwa kuharibu maelekezo ya kuwashia au faili ambalo Windows inalihitaji. Wakati mwingine hata programu ya kuua virusi ndiyo huukata, pale inapoondoa faili lililoambukizwa ambalo mfumo ulikuwa ukilitegemea. Katika hali hizo, ripoti na picha bado ziko palepale zilipohifadhiwa. Ni kama nyumba ambayo kitasa cha mlango kimeharibika huku vyombo vikiwa salama ndani.

"Kupiga Windows", kwa namna inayofanywa mara nyingi, ni kufuta sehemu ya diski yenye Windows ya zamani na kuweka mpya. Kompyuta nyingi huwa na sehemu moja tu, inayojulikana kwa herufi C, na humo ndimo mafaili yanayoonekana kwenye Desktop, Documents na Pictures hukaa. Sehemu hiyo ikifutwa, vyote vinakwenda pamoja.

Hii haina maana kwamba kupiga Windows ni kosa. Kompyuta iliyoambukizwa sana, kuipiga Windows upya ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuisafisha. Kosa ni kulifanya hilo kuwa jambo la kwanza, kabla mafaili hayajaokolewa.

Funzo kutoka mwaka 1989

Hasara ya kutibu kwa pupa ina historia ndefu, na moja ya visa vyake vya mwanzo iligusa sekta ya afya.

Desemba 1989, takriban diski 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa watu na taasisi za nchi nyingi. Baadhi ya waliozipokea walikuwa wasomaji wa jarida la kompyuta, na wengine walikuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu Ukimwi. Diski ilieleza kuwa ina taarifa za Ukimwi, na kweli ilikuwa na programu iliyomuuliza mtu maswali kuhusu maisha yake na kumweleza yuko kwenye hatari kiasi gani. Ilikuwa miaka ambayo kila aliyefanya kazi ya afya alikuwa na kiu ya taarifa hizo.

Ndani yake kulikuwa na kitu kingine. Programu hiyo ilihesabu kimyakimya mara ambazo kompyuta imewashwa. Zilipofika kama mara 90, ilificha mafolda, ikavuruga majina ya mafaili, na kumtaka mwenye kompyuta atume dola 189 za Marekani kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani msomi wa biolojia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye aliwahi kufanya kazi Afrika Mashariki. Alipelekwa Uingereza, lakini mahakama iliona hali yake ya akili haimruhusu kujibu mashtaka, na kesi haikufika mwisho.

Kwa mzazi wa leo, sehemu muhimu ya kisa hicho ni kile walichofanya waathirika. Baadhi walitaharuki na kufuta diski zao zote ili kuondoa ugonjwa. Taasisi moja ya masuala ya Ukimwi nchini Italia inaelezwa kupoteza kazi ya miaka 10 kwa njia hiyo. Wengine walisubiri. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliichambua programu hiyo na kubaini kuwa yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa, yaliyovurugwa ni majina tu. Alitengeneza programu za kuiondoa na kurudisha majina, na waliokuwa hawajafuta chochote waliweza kupata kazi zao.

Virusi vya leo ni vikali kuliko vile. Lakini somo halijabadilika: aliyesubiri alikuwa na cha kurudishiwa, aliyefuta hakuwa nacho.

Anza na mtoto, usianze na fundi

Daktari mzuri hachukui kisu kabla ya kumuuliza mgonjwa ameanza kuumwa lini na alikula nini. Kwa kompyuta ya nyumbani, anayeijua historia hiyo mara nyingi ni mtoto. Tatizo ni kwamba yeye ndiye mwenye hofu kuliko wote.

Mtoto anayejua atachapwa atasema hajafanya kitu, na familia itakosa taarifa ambayo ingeokoa siku nzima ya kuhangaika. Inasaidia mzazi kutanguliza wazi kwamba anatafuta namna ya kuitengeneza, na kwamba suala la nidhamu litazungumzwa siku nyingine. Baada ya hapo aulize kwa utulivu:

• Ulifungua au kupakua nini mara ya mwisho? Mchezo, filamu, programu ya bure?

• Kuna maelekezo yoyote yaliyokwambia uzime kwanza programu ya kulinda kompyuta?

• Kuna flashi iliyochomekwa? Ni ya nani?

• Kulitokea ujumbe wowote kwenye kioo kabla haijazima?

• Uliandika nywila yoyote, ya kwako au ya mzazi?

Swali la pili lina uzito wa pekee. Michezo na programu za kulipia zinazosambazwa bure kwa njia zisizo halali mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima ulinzi wa kompyuta "ili zifanye kazi". Mtoto akijibu ndiyo, mzazi ameshapata mtuhumiwa wa kwanza.

Ni vyema pia mzazi ajiulize maswali hayohayo mwenyewe. Programu ya kuandikia barua iliyowekwa bila leseni, au kiambatisho cha barua pepe kinachojifanya ankara, huleta madhara sawasawa na mchezo wa mtoto.

Hatua unazoweza kuchukua nyumbani

Kabla ya kubeba kompyuta kwenda kwa fundi, yapo mambo ambayo mzazi asiye mtaalamu anaweza kuyafanya bila kuhatarisha mafaili.

Kwanza, chomoa kila kitu kilichochomekwa: flashi, diski ya nje, printa, na waya wa intaneti kama upo. Wakati mwingine kompyuta hugoma kwa sababu tu inajaribu kuwaka kwa kutumia flashi iliyosahaulika. Kama inatumia intaneti ya simu yako, izime.

Pili, angalia inagoma namna gani. Isipowaka taa hata moja, shida inaweza kuwa chaja, betri au umeme, si virusi. Ikiwaka na kuonyesha nembo kisha ikajizima na kurudia, au ikaleta maandishi kwenye kioo cheusi au cha bluu, shida iko kwenye mnyororo wa kuwaka. Ikisema haioni diski kabisa, au diski ikitoa mlio wa kugonga, acha kuiwasha. Hiyo ni dalili ya diski kuharibika, na kila jaribio linaweza kuongeza hasara. Ikiwaka na kudai fedha, hilo ni jambo la peke yake na litaelezwa hapa chini.

Tatu, piga picha ya maandishi yoyote yanayotokea kwenye kioo kwa simu yako. Fundi atapata mengi kwenye picha hiyo kuliko kwenye maelezo ya "imeandika maneno ya Kizungu".

Nne, jaribu kuingia upande wa matengenezo wa Windows. Kwa Windows 10 na 11, iwashe, na nembo ikitokea tu, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 hadi izime. Rudia hivyo mara mbili au tatu. Baada ya hapo Windows yenyewe hutambua kuwa inashindwa kuwaka na kufungua ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options. Humo utakuta Startup Repair, inayojaribu kurekebisha maelekezo ya kuwashia bila kufuta mafaili yako. Ipo pia System Restore, inayorudisha mipangilio ya Windows kwenye tarehe ya nyuma kama kompyuta ilikuwa imehifadhi kumbukumbu hiyo. Nayo haifuti picha wala ripoti, ingawa programu zilizowekwa baada ya tarehe hiyo zitaondoka.

Kwenye ukurasa huohuo kuna Startup Settings. Ukiichagua na kuiruhusu iwake upya, bonyeza namba 4 ili iwake katika hali salama, yaani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu. Programu nyingi haribifu huwa hazijiwashi katika hali hiyo. Ikikubali kuwaka, jambo la kwanza si kusafisha. Ni kunakili mafaili muhimu kwenye flashi au diski ya nje ambayo haina kitu kingine cha thamani. Nakili nyaraka na picha tu, usinakili programu wala michezo.

Ukishanakili, iwashe kwa kawaida. Ikiwaka, fungua Windows Security na uchague uchunguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka. Uchunguzi huo huchukua kama dakika 15, na huweza kuvikamata virusi vinavyojificha Windows ikiwa inafanya kazi.

Jambo moja la tahadhari: baadhi ya kompyuta, hasa mpya zenye Windows 11, hufunga diski kwa ulinzi unaoitwa BitLocker. Ukiingia upande wa matengenezo, zinaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Usibahatishe. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika wakati kompyuta ilipoanza kutumika, na unaweza kuutazama kwa simu baada ya kuingia kwenye akaunti hiyo. Bila ufunguo huo, hata fundi hodari hataweza kuyafikia mafaili.

Ukifika kwa fundi

Hatua hizo zikishindikana, wakati wa kumuona fundi umefika. Mafundi wengi ni waaminifu na wanajua kazi. Husema "tunapiga Windows" kwa sababu wateja wengi wanataka kompyuta iwake haraka na kwa bei ndogo. Mteja asiposema ana mafaili ya thamani, fundi hana namna ya kujua.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza baada ya salamu iwe hii: "Fundi, kabla ya kugusa chochote, nataka mafaili yangu yatolewe." Kisha uliza utayatoaje. Kuna njia mbili za kawaida. Moja ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Linux, ambao hauitegemei Windows iliyoharibika, na kunakili mafaili kutoka humo. Nyingine ni kuichomoa diski na kuichomeka kama diski ya nje kwenye kompyuta nyingine iliyo safi na yenye ulinzi. Fundi anayetaja mojawapo anajua anachokifanya. Anayesema haiwezekani bila kujaribu, mshukuru na uende kwa mwingine.

Mtajie mafaili unayoyataka kwa majina na mahali yalipo. Nenda na diski ya nje au flashi yako. Kubalianeni bei ya kuokoa mafaili na bei ya kupiga Windows kama kazi mbili tofauti. Mafaili yakishatoka, fungua machache palepale na uhakikishe yanasoma, ndipo uruhusu diski ifutwe.

Kama ndani kuna picha za faragha za familia au taarifa za wateja na wagonjwa, baki hapo kazi inapofanyika ukiweza. Usimwachie fundi nywila ya barua pepe kwa sababu tu ameiomba.

Uliza pia ni Windows gani itakayowekwa. Inayofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni inaweza kurudisha ugonjwa uleule uliokupeleka pale. Kompyuta nyingi zilizouzwa zikiwa na Windows halali hujitambua zenyewe zinapowekewa upya toleo lilelile.

Na kama imeshapigwa Windows na umegundua mafaili hayapo? Acha kuitumia hapohapo, kwa sababu kila kitu kipya kinachohifadhiwa kinaweza kukaa juu ya mafaili yaliyofutwa. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, mtaalamu anaweza kurudisha baadhi. Kwenye diski za kisasa aina ya SSD matumaini ni madogo, kwa kuwa zenyewe husafisha nafasi iliyoachwa wazi.

Kioo kikidai fedha

Ipo aina ya programu haribifu inayoyafunga mafaili yenyewe kwa msimbo na kudai malipo ili iyafungue. Dalili yake ni mafaili kuongezewa herufi ngeni mwishoni mwa majina na ujumbe unaotaja kiasi cha fedha, mara nyingi sarafu za kidijitali.

Mei 12, 2017, virusi vya namna hii vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi nyingi kwa siku moja. Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, na baadhi kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine. Microsoft ilikuwa imeshatoa rekebisho la udhaifu uliotumiwa tangu Machi mwaka huohuo. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa zilikuwa na kinga.

Ukikutana na ujumbe huo nyumbani, usilipe kwa pupa. Malipo hayahakikishi kuwa mafaili yatafunguliwa. Kata intaneti, piga picha ujumbe huo, na usichomeke diski yenye nakala zako, kwa kuwa nayo inaweza kufungwa. Kwa kutumia kifaa kingine, tembelea tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Inatoa bure programu za kufungulia baadhi ya aina za virusi hivyo. Isipokuwa na dawa ya aina yako leo, hifadhi mafaili yaliyofungwa mahali salama. Dawa inaweza kupatikana baadaye, kama ilivyokuwa kwa waliosubiri mwaka 1989.

Usisahau simu iliyo mkononi

Wazazi wengi huishia kwenye kompyuta kuwaka. Lakini zipo programu haribifu ambazo kazi yake kuu ni kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na kompyuta kugoma ni ajali tu iliyotokea baadaye.

Kwa hiyo, siku hiyohiyo, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine ambayo haijaambukizwa, badilisha nywila. Anza na barua pepe, kwa sababu ndiyo hutumika kubadilisha nyingine zote. Fuata huduma za benki za mtandaoni, kisha mitandao ya kijamii ya mzazi na ya mtoto. Kwenye kila akaunti tafuta sehemu ya kuondoka kwenye vifaa vyote, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Kubadilisha nywila kwenye kompyuta ambayo bado ina virusi ni sawa na kumkabidhi mwizi ufunguo mpya.

Baada ya kupona

Kinga ya nyumbani haihitaji fedha nyingi. Mtengenezee mtoto akaunti yake kwenye Windows isiyo na mamlaka ya kuweka programu bila nywila ya mzazi. Acha Windows ijisasishe, hata kama inakera na kula bando. Wenye Windows 10 wajue kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025, hivyo waangalie kama kompyuta zao zinaweza kuhamia Windows 11.

Muhimu kuliko yote, weka nakala za mafaili mahali pengine. Moja kwenye diski ya nje inayochomolewa na kuwekwa kabatini baada ya kunakili, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya kawaida ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zinazotosha nyaraka zote za familia na picha zile ambazo hamko tayari kuzipoteza. Chagueni siku moja kwa mwezi, na mkabidhini kazi hiyo yuleyule kijana anayependa kompyuta.

Sasa rudi kwenye ile Jumapili saa mbili usiku. Nembo inawaka na kuzima, na mtoto amesimama mlangoni akisema hajafanya kitu. Mama anaacha kubonyeza kitufe na kuvuta kiti cha pili.

"Njoo ukae hapa, baba. Sikuchapi. Nieleze mchana ulifungua nini."

Inamchukua kijana muda kidogo. Kisha anataja jina la mchezo, na tovuti alikoupata, na kwamba maelekezo yalimwambia azime ulinzi kwanza. Mama anayaandika yote kwenye karatasi, na chini yake anaandika kwa herufi kubwa kile atakachomwambia fundi asubuhi: ripoti ya chuo, folda la picha, picha za bibi. Vitolewe kwanza.